Kwa Nini Aliitwa Siwatu

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi cherehani alipotoka kuanua nepi uani. Mwanawe, aliyempata baada ya mimba kuharibika na kuharibika tena, alimwacha ndani mikononi mwa mama mkwe.

Kutwa nzima walikuwa wamebishana, yeye na huyo mama.

"Binti wa kwanza wa ukoo huu huitwa Siwatu," mama mkwe alishikilia. "Bibi yetu wa zamani alikuwa amejifungua tu, wakaja wanawake asiowajua kumpongeza. Walipomnyanyua mtoto, bibi akawatazama vizuri, akapiga kelele: si watu! Wakatoweka. Tangu siku hiyo jina ndilo kinga."

"Jamani mama! Huko shuleni si watamtania mpaka ahame?"

Yeye alikuwa amemchagulia jina zuri, tamu mdomoni.

"Haya," mama mkwe akasema. "Mimi yangu macho."

Aliporudi na nepi begani, sebuleni kulikuwa na wageni.

Wanawake. Wamejipanga kwenye kochi, mitandio imewashuka usoni. Hakuwa amesikia hodi wala mlango. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi... Walikuwa wanapokezana mtoto, paja kwa paja, na kila alipopokewa, kilio chake kilififia kama redio inayopunguzwa sauti.

Mama mkwe alikuwa kitini. Macho wazi. Mdomo umeganda.

"Hongera, mwenzetu," mgeni mmoja alinong'ona. "Anaitwa nani?"

Adabu ilimponza. Akalitaja lile jina zuri.

"Aaa..." wakaitikia kwa pamoja. Wakalirudia polepole, kama wanaoonja kitu kitamu.

Ndipo fundi alipoitazama mito ya kochi waliyokalia. Haikubonyea.

Hata mmoja.

Nepi zikamwanguka.

"Nipeni mwanangu... nawaomba, dada zangu... sina mwingine!"

Hakuna aliyegeuka. Kilio sasa kilitoka mbali, kama nyuma ya ukuta. Akamgeukia mama mkwe. Machozi yalikuwa yanamtiririka mama wa watu, midomo ikihangaika.

"Si... si..."

"Siwatu!" fundi akapiga ukelele. "Mwanangu anaitwa Siwatu! Siwatu! Siwatu!"

Taa ikazimika.

Ilipowaka, kochi lilikuwa tupu. Katikati yake mtoto amelala, kimya, mzima, bila hata mkwaruzo.

"Umemwahi?" mama mkwe aliuliza, ulimi mzito.

"Nimemwahi, mama. Nimemwahi..."

Akamkumbatia mtoto, akamfunulia ziwa. Hakunyonya. Alimkazia macho tu.

Kisha huko nje, upande wa uani, sauti ya mwanamke ikaliita lile jina zuri, taratibu, kwa kubembeleza.

Mtoto mchanga akalia hukohuko gizani.

Na kifuani mwa fundi, maziwa yakaanza kutoka yenyewe.