Hakuna Aliyemuuliza

Mama Mshonaji alishona sare za wauguzi chumbani kwake, orofa ya pili. Chumba cha jirani alikaa fundi saa. Watu walimwita Mgeni, ingawa alikuwa amekaa pale miaka tisa. Lafudhi yake ilikuwa nyingine, na siku yake ya ibada haikuwa yao.

Asubuhi moja jora la kitambaa cheupe halikuonekana.

"Ni Mgeni tu!" Mama Mshonaji alipayuka. "Watu wa dini ile nawajua mimi!"

Majirani hawakungoja. Waliingia kwa fundi saa, wakapekua, wakamwaga vifaa vyake kwenye korido. Saa za wateja zikavunjika vioo. Jora hawakuliona.

"Mbona hamniulizi?" fundi alisema. "Niulizeni basi!"

Hakuna aliyemuuliza. Walimwambia ahame.

Saa sita mchana mume wa Mama Mshonaji alirudi, jora begani.

"Nililipeleka kwa fundi wa kudarizi atie nembo," alisema. "Nilipotoka ulikuwa usingizini."

Mama Mshonaji aliutazama mlango wa fundi saa. Akakaa chini, pu!

Jirani wa orofa ya chini, karani wa mahakama, alisikia, akapanda ngazi.

"Dada, kumshuku mtu ni jambo moja, kumhukumu ni jingine," alisema. "Anayeshtaki ndiye anayeleta ushahidi. Anayeshtakiwa lazima asikilizwe. Dini si ushahidi, wala lafudhi. Ukiibiwa, nenda polisi. Kuvamia chumba cha mtu na kuharibu mali yake ni kosa. Sasa fundi ndiye anayeweza kuwashtaki nyinyi."

Mama Mshonaji alimkuta fundi saa amepiga magoti, akiokota skrubu ndogo mojamoja.

"Kaka, nisamehe."

Hakuinua kichwa. "Uliniita mwizi mbele ya watu, mama. Niombe radhi mbele ya watu."

Mama Mshonaji aliwaita majirani wote. Akasema yote, wala hakujitetea. Wakachanga, wakalipia vioo. Fundi hakuwashtaki, lakini kesho yake alihama. Hakumwambia mtu anakokwenda.

Miezi mingi baadaye, dobi mpya alituhumiwa kuiba shuka. Watu wakaanza kupandisha hasira. Mama Mshonaji akasimama katikati yao.

"Ameulizwa?"

Akaulizwa. Kumbe shuka alimkabidhi binti wa mwenye shuka, naye akaliweka kabatini. Watu wakacheka, wakamwomba radhi. Dobi akaendelea na kazi yake.

Mama Mshonaji hakucheka. Alirudi ndani, akamtazama mumewe.

"Huyu tumemsikiliza," alisema. "Yule je?"