Walipogonga Sufuria Kisegi

Mimi ni Msabato, sinywi. Lakini kazi yangu ni kukagua baa, na tafadhali usinicheke. Pombe anaonja mdogo wangu Omosa. Mimi naangalia samaki, muziki na choo, halafu tunaweka video mtandaoni. Watu wanatutazama kwa sababu sina huruma. Choo kikinuka, nasema kinanuka.

Siku hiyo tulifuata barabara ya ziwani, kutoka Sori upande wa Migori tukielekea Mbita. Sori, bia moto. Magunga, ugali mbichi. Nikamwambia mwenye baa hapo hapo, akanuna. Jua likizama tukafika Kisegi, kwa mama mmoja anayeitwa Irine.

"Oimore," akatusalimu, akipangusa meza.

Samaki wake, jamani! Mbuta amekaangwa akakauka vizuri, na choo hakina hata inzi. Omosa akamaliza chupa yake, akatoka kupiga picha ya jengo kabla ya giza. Nikamwambia asikawie. Mama yetu amebaki na huyo mtoto mmoja wa kiume, na kila tukitoka ananiagiza jambo moja tu: nimrudishe.

Halafu upepo ukageuka.

Ukaja kutoka ziwani na harufu ya tope, na samaki aliyeoza. Huko mbali... koi! koi! koi! Mtu anagonga sufuria. Boma la pili likapokea. La tatu. Kelele ikawa inapanda kutoka majini, inakuja kwetu.

Irine akazima redio, akashika sufuria na mwiko. Wateja wakagonga meza kwa chupa. Mzee mmoja akawa anapiga mabati ya ukuta kwa fimbo. Hakuna aliyecheka.

Mimi nikadhani ni burudani! Nikaona video hiyo itatazamwa na Kenya nzima. Nikasimama mlangoni, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Omosa! Omosa, njoo urekodi hii!"

Kelele ikakatika.

"Yawa, dada," Irine akanong'ona. "Umetaja jina la mtu aliye nje?"

"Ni ndugu yangu. Kwani kuna nini?"

"Nyawawa wanapita. Roho za ziwa. Tunagonga ili waende zao. Mtu aliye nje hatajwi jina... Wakilisikia, wanamwita nalo. Akiitika, amekuwa mtu wao. Nenda umshike mkono. Usiseme kitu."

Nikatoka. Omosa alikuwa kando ya barabara, amenipa mgongo, simu mkononi. Nilikuwa bado sijamfikia.

"Omosa..."

Ilitoka kule chini, upande wa maji.

Ilikuwa sauti yangu.

"Naam, dada," Omosa akaitika. "Nakuja."

Nikamrukia, nikamburuta hadi ndani. Watu wakagonga tena mpaka upepo ukatulia. Omosa alicheka tu, akauliza kama tumerukwa na akili. Hakuwa na homa wala jeraha. Nikamshukuru Mungu nikilia, sioni haya kusema. Irine hakushukuru. Alitusindikiza hadi kwenye gari, akatuomba tusirudi kwake tena.

Sasa tuko nyumbani, Migori mjini, mbali na ziwa. Omosa anakula, anaenda kazini, Jumamosi anaimba kanisani. Ila jua likizama anainua kichwa, anasema, "Naam, dada," na anaanza kutembea. Kila jioni anafika mbali zaidi kabla hatujamrudisha. Mchungaji ameomba mpaka amechoka. Mama halali. Mimi nagonga sufuria hadi majirani wananitukana, na wanitukane tu! Ndugu yangu simwachi.

Jana alikuwa ameshavuka daraja, ameshika njia ya kwenda Sori. Iliwabidi wanaume wa mtaa wamkamate na kumbeba. Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Mimi ndiye niliyemfikia kwanza. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ile ile niliyomwitia tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni.

Akasimama. Hakugeuka.

Nikaita tena.

Akainamisha kichwa, akaongea kwa upole na mtu aliyekuwa mbele yake. Barabara ilikuwa tupu.

"Ananiita tena, dada."

Akatega sikio.

"Sawa," akasema. "Siitiki."