Kituo cha Bila Mkono

Gari la bluu liliingia kwenye handaki la kioo likiwa limevaa vumbi la Dodoma kuanzia paa hadi magurudumu. Baada ya dakika nne likatoka upande wa pili linang'aa kiasi kwamba kunguru aliyekuwa ametua ukutani alijiona mlangoni mwake, akaruka kwa kuudhika. Hakuna brashi iliyoligusa gari lile, wala sifongo, wala kiganja cha binadamu. Macho kumi na mawili ya mashine yalikuwa yamesoma umbo lake, mabomba yakalipulizia ukungu wa sabuni, ukungu ukatafuna matope, maji ya msukumo yakalisuuza, na upepo wa moto ukalipitia kulikausha. Maji yote yaliyotumika yangeenea kwenye ndoo moja. Mwaka huo wa 2091 mji ulikuwa ukipata maji kwa zamu, kwa hiyo ndoo moja ilikuwa habari ya kutangaza, na wenye kituo hawakuona haya kuitangaza.

Kituo chenyewe kiliitwa Bila Mkono.

Mhandisi Nyemo Mwaluko alisimama kwenye mdomo wa handaki, kipimangozi kikimning'inia shingoni. Kazi yake katika ofisi ya ukaguzi ya jiji ilikuwa kupima ngozijua. Magari ya siku hizo hayakupakwa rangi ya kawaida. Yalivishwa utando mwembamba uliokunywa mwanga wa jua na kuugeuza umeme, na gari lenye ngozi nzima lilitembea mchana kutwa bila kuchomekwa popote. Ngozi ikichubuka, gari lilikwama njiani na mwenyewe akabaki kulisukuma huku akitukana. Ndiyo maana kila kiosheo kilipewa kibali cha miezi mitatu tu, kisha mkaguzi akaja na fomu yenye swali moja: Je, kiosheo hiki ni salama kwa ngozi ya gari? Mkaguzi alijibu ndiyo au hapana, basi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujibu. Nyemo alikuwa amefuatilia magari thelathini, kila moja limeoshwa mara arobaini, na kipimangozi kilionyesha kuwa yamepoteza sifuri. Hiyo sifuri ndiyo iliyomkosesha raha. Alijua kwamba uchafu haubembelezwi: ama unausugua, ama unauyeyusha. Brashi husugua na kuacha mikwaruzo. Anayekataa kugusa hana budi kuyeyusha, na sabuni yenye uwezo wa kuyeyusha matope ya Dodoma bila kusuguliwa ni kali, tena kali kwelikweli. Ikikaukia juu ya ngozijua lazima iimege, hata kama ni kidogo. Alitegemea kuona hasara ndogo, ya kuandikwa na kusamehewa. Hakuiona, na miaka kumi ya kazi ilikuwa imemfundisha kuogopa hesabu iliyonyooka kupita kiasi.

Kilichobaki kilikuwa saini ya shahidi, mfanyakazi yeyote wa kituo aliyeyapokea magari yale. Kwenye njia ya kutokea walisimama watu saba wenye sare za njano. Karatasi za kituo ziliwaita wakaribishaji. Kazi yao, kwa maandishi, ilikuwa kutabasamu na kuelekeza. Nyemo alimwendea mkubwa wao, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyeitwa Ezekia Chidawali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Naomba kidole chako hapa, uthibitishe kwamba magari haya yalipita kwako."

Ezekia alikiangalia kibao cha kielektroniki alichonyooshewa kama mtu anayeonyeshwa sahani ya chakula asichokipenda. Akabonyeza. Kibao kikasema, kwa sauti ya upole, "Hatambuliki. Rudia." Akajipangusa kidole kwenye suruali, akabonyeza tena, kikasema vilevile.

"Hicho hakinisomi, mama. Hakuna kinachonisoma siku hizi." Akacheka. "Nyumbani mlango ananifungulia mke wangu. Juzi nilikwenda zahanati, mashine ya pale nayo ikanikana. Nikarudi na homa yangu."

"Nionyeshe mkono."

Alisitasita, kisha akaufungua. Ncha za vidole zilikuwa laini na nyekundu, hazina mstari hata mmoja. Kiganja kilikuwa kimebabuka, na ngozi ikiinuka pembeni mwa kucha. Ndipo Nyemo alipoona kitambaa kilichochomekwa kiunoni mwa mzee huyo, kimelowa. Akawatazama wale wengine sita. Wote walikuwa navyo.

"Baba, hiki kitambaa ni cha nini?"

"Cha kupangusia," Ezekia alijibu, akishangaa kuulizwa. "Ule upepo unakausha kijuujuu tu. Mimi nimeosha magari miaka thelathini kwa ndoo na mkono, tangu pale stendi. Gari halitoki kwangu lina matone. Ni aibu. Tunalifuta lote, chap chap, kabla mwenyewe hajakaa sawa kwenye kiti."

"Ndani ya handaki au nje?"

"Hapa nje. Ndani haturuhusiwi, si unajua ni bila mkono?"

Nyemo alisubiri gari lililofuata, pikapu nyeupe, akaomba liachwe kama lilivyotoka. Wapangusaji walisimama wakilitazama kwa uchungu, na mmoja wao alijishika mikono nyuma ili asishawishike. Jua lilikuwa la saa sita. Matone yalikauka, na mahali pake ukabaki ukungu mweupe, mwembamba, ulioenea boneti nzima. Baada ya nusu saa Nyemo aliweka kipimangozi juu yake, na kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu namba ikasogea. Kwa mwendo ule, kabla mwaka haujaisha pikapu ile isingeweza kupanda hata mlima wa Chuo Kikuu.

Sasa alielewa. Ndoo moja ya maji haikutosha kuondoa sabuni yote. Iliyobaki ilifutwa na vitambaa vya Ezekia na wenzake, na kutoka kwenye vitambaa ikaingia mikononi. Sifuri aliyoihesabu ilikuwa ya magari tu.

Meneja, Bwana Rwehumbiza, aliitwa. Alikuja na soda mkononi na uso wa mtu asiyetaka ugomvi.

"Mhandisi, kwani gari likipanguswa linaharibika?"

"Haliharibiki. Linapona."

"Basi swali lako limejibiwa. Fomu inauliza ngozi ya gari. Andika ndiyo."

"Kwa nini hukuwapa glavu?"

"Glavu za nini, na hawagusi?" Alisema kwa sauti ya chini, akitazama bango kubwa lenye jina la kituo. "Nikiwavalisha glavu, kila mteja atauliza ni za kazi gani. Nikiongeza maji hadi ndoo nne, nitafungiwa na watu wa maji. Niambie wewe nifanyeje."

Nyemo alifikiria kwamba akiandika ndiyo, hatakuwa amesema uongo wowote. Vipimo vyote vingemuunga mkono. Akajionea aibu kwa kulifikiria.

Ezekia alimvuta pembeni. "Mwanangu, andika ndiyo. Nilipokuwa naosha stendi, hizi mashine zilinifukuza. Hapa angalau nimepata mlango wa kurudi. Vidole vya mke wangu vinatosha nyumba nzima."

"Na ukiugua naye hayupo?"

"Nitamsubiri."

Alilisema bila utani. Nyemo alitamani kulia, akajizuia kwa kutazama kibao. Alirudi kwa meneja, akamwambia kwamba anaandika maelezo ya upangusaji na kwamba jibu lake litakuwa hapana. Uso wa Bwana Rwehumbiza ukabadilika hapohapo.

"Andika, lakini nitakupinga mbele ya bodi," akasema kwa sauti kubwa, ya kusikiwa na wote. "Upangusaji gani? Hapa hapapanguswi. Hawa ni wakaribishaji. Tangu tufungue, hakuna hata mmoja kati yao aliyegusa gari la mtu!"

Wapangusaji wakatazamana. Ezekia, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akiomba iandikwe ndiyo, alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Akageuka polepole.

"Nani hajagusa?"

"Mzee Ezekia, tulia. Nakutetea."

"Magari elfu ngapi yamepita hapa? Vioo vyake, vishikio vyake, chini ya milango, kote nimefuta mimi. Ukaleta wageni, ukawaambia tazameni linavyong'aa. Nilikuwa nimesimama pale pale, bwana. Nikajisemea, si mbaya, mimi najua." Akamgeukia Nyemo. "Lete hicho kidude chako."

"Baba, hakitakusoma."

"Lete."

Nyemo alifungua ukurasa wa mashahidi. Ezekia akaeleza kwa mdomo alichofanya kila siku tangu kituo kifunguliwe, kibao kikaandika, kisha akabonyeza kidole kwa nguvu, kana kwamba kosa lilikuwa lake la kutobonyeza vizuri. "Hatambuliki." Wa pili akaja nyuma yake, bila kuitwa, naye akaeleza na kubonyeza. "Hatambuliki." Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba alikuwa mama mmoja aliyeanza kazi wiki iliyopita. Kidole chake kilisomwa mara moja, na jina lake likatokea na picha. Aliondoa mkono haraka, akautazama huku na huku.

Bwana Rwehumbiza alisema ushahidi usio na alama ya kidole haupokelewi popote, na hilo lilikuwa kweli kisheria. Kibao kilimuuliza Nyemo kama afute mashahidi sita wasiotambulika. Nyemo aliviangalia visanduku vile sita vitupu, vimejipanga juu ya jina moja lililojaa. Akabonyeza: Wasifutwe. Chini yake, kwenye nafasi ya jibu, akaandika hapana, akaweka kidole chake mwenyewe, na fomu ikaenda.

Kibali kilikuwa kimekatika, na mabomba ya handaki yakazimika yenyewe. Magari matatu yaliyokuwa kwenye foleni yakaanza kupiga honi. Wapangusaji walisimama wakiwa na vitambaa vyao, hawajui waviweke wapi.

Ezekia alikikamua cha kwake, akakikunja mara nne kama afanyavyo mtu mwenye kazi yake.

"Kesho nije, nisije?"

"Sijui, baba," alisema Nyemo.

Ezekia akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani kumngojea mke wake getini.