Nukta ya Nanighi

Jumatatu, tarehe mosi Septemba 2025, saa kumi jioni, Mzee Josiah Kenga aliingia kituo cha polisi cha Garsen, akaiweka simu yake juu ya meza ya Sajini Mariam bila hata salamu. Kwenye kioo palikuwa na ramani, na juu ya ramani nukta nyekundu. Nukta ilikuwa Nanighi, kaskazini kwa wafugaji. Tangu usiku haijasogea, alisema, simu ya dereva imezimwa, na lori lake lenye pampu arobaini za maji, lililokuwa likitoka Garissa, lilitakiwa liwe limefika tangu saa saba mchana.

"Adan ameniibia," akasema. "Miaka tisa tumekula sahani moja, na ameniibia."

Mariam ni mtu wa Kipini, na ukimharakisha ndiyo kwanza anapunguza mwendo. Alimpa mzee kiti, akaandika kila kitu. Nukta ile ilitoka kwenye traka, kile kidude cha kufuatilia gari kilichofichwa chini ya usukani. Mzee hulipia huduma yake kila mwezi. Benki hukata yenyewe kwenye kadi yake ya mkopo, naye hajui zaidi ya hapo. Fomu zote alijaziwa na Ziro, msimamizi wa ghala lake, kwa kuwa macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Mzee akaongeza kwamba leo ameteseka peke yake na ile simu. Kila asubuhi Ziro ndiye humuuliza lori liko wapi, lakini leo Ziro alitoka alfajiri na pikipiki kumjulia hali shangazi yake huko Ndera, na hakuuliza.

Mariam aliandika hilo pia. Hakulijali sana siku ile, na baadaye alijilaumu kwa hilo.

Jumanne mkuu wa kituo alipanda Nanighi na magari mawili. Lori hakuliona, ila alirudi na wafugaji wawili, Dukicha na binamu yake, waliokutwa karibu na pale ilipokuwa nukta, wakiwa na jerikeni la dizeli lisilo na risiti. Jamani, nani Nanighi anaweka risiti ya dizeli? Lakini mkuu alisharidhika. Wangefikishwa mahakamani Hola Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwa kumteka dereva au kula njama naye, lolote litakalokubalika.

Garsen ikaanza kunuka shari. Vijana wa mashambani walisimama vikundi vikundi stendi, hawazungumzi kwa sauti. Wafugaji waliondoa ng'ombe wao kwenye mashukio ya kunyweshea mtoni kabla ya wakati, na maduka mawili ya Waorma, ndugu zao wafugaji, hayakufunguliwa. Mariam alikumbuka miaka ile mibaya ya Delta, wakulima na wafugaji walipouana, jinsi ilivyoanza na kimya hikihiki, akaogopa hasa.

Kwenye benchi la kituo aliketi Kadra, mke wa Adan, tangu Jumatatu usiku. Hakulia. Alisema mumewe alimpigia Jumapili saa tatu usiku kutoka Nanighi, akamwambia simu inakwisha chaji, analala hapo, ataondoka kukipambazuka.

"Afande," alimwambia Mariam, "kama amekufa nipeni mwili. Kama yu hai mtafuteni. Lakini msiniambie mwizi."

Jumatano saa mbili asubuhi Mariam alizisoma tena karatasi za kampuni ya traka. Macho yake yakanasa kwenye mstari wa mwisho. Mawasiliano yalikoma saa sita kamili za usiku wa kuamkia tarehe mosi, hata sekunde moja haikuzidi. Mtu anayenyofoa waya chini ya usukani hasubiri mwezi uishe. Akapiga simu Nairobi.

Msichana wa huduma kwa wateja hakuona ajabu yoyote. Kifaa hakikung'olewa, alisema, wao wenyewe ndio walikifunga. Agosti ililipwa, Septemba ikakataliwa, kadi haitambuliki tena. Ile nukta ni ya mahali gari lilipoonekana mara ya mwisho, basi.

Mariam alikata simu. Kisha akapigia kizuizi cha polisi kilicho kusini ya Hola, akaomba wamsomee kitabu cha Jumatatu. Namba ya lori la Kenga ilikuwemo. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, dereva mmoja, likielekea Garsen. Hakuna aliyewauliza, walisema, wote waliambiwa lori limepotelea Nanighi.

Kumbe jana kutwa polisi walikuwa wakichambua vichaka vya kaskazini, na lori lilipita hapo salama salimini. Lilipotelea huku kwao, kati ya Hola na Garsen, njia ya Kinakomba na Ndera.

Alipomuuliza Mzee Kenga kuhusu kadi, mzee alikumbuka kwamba meseji zilikuja, mbili au tatu. Zilisema akaunti ya kadi yake imehamishiwa benki nyingine, na kadi ya zamani itakufa tarehe mosi. Alizifuta zote. Kila wiki matapeli humtumia meseji za benki, atajuaje ipi ya kweli? Na barua? Barua hakuiona. Yeye hana sanduku la posta, hutumia la kanisa kama nusu ya mtaa. Ufunguo anao Ziro, maana ndiye mzee wa kanisa.

Posta ni hatua chache kutoka hapo. Cynthia wa dirishani alifungua daftari la barua za rejista, akaweka kidole kwenye tarehe kumi na nne Agosti. Bahasha moja ya benki, jina Josiah Kenga. Aliyetia saini kuipokea ni Ziro.

Saa tano Mariam aliingia ghalani na askari wawili. Mzee Kenga alikuwepo. Ziro, mtu wa miaka hamsini mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliwaletea viti mwenyewe, akampa Sajini pole kwa kazi.

Mariam alimuuliza kuhusu barua. Ziro akasema barua zote huzitia kwenye kikapu cha kanisani, kila mtu huchukua yake.

"Hata ya rejista, uliyoitilia saini?"

"Labda nilisahau, Sajini. Barua ni nyingi."

"Na Jumatatu, kwa nini hukuuliza lori liko wapi?"

Ziro alirudi nyuma, akaegemea droo ya meza yake. Mzee Kenga aligeuza shingo polepole kumtazama.

"Miaka yote unamuuliza mzee kila asubuhi," Mariam akasema. "Siku ambayo traka imekufa, siku hiyo tu, hukuuliza. Ulijua hakuna cha kuona. Fungua hiyo droo."

Askari ndiye aliyeifungua. Bahasha ilikuwa chini kabisa, chini ya vitabu vya nyimbo. Kadi mpya ilikuwa bado imegandishwa kwenye karatasi yake, haijaguswa. Kwenye barua, sentensi moja ilikuwa imepigiwa mstari kwa penseli: huduma zote zinazolipiwa kwa kadi ya zamani zitakatika tarehe mosi Septemba, mpaka mteja atoe namba mpya.

"Hukuitaka kadi," Mariam akasema. "Ulichotaka ni tarehe. Adan yuko wapi?"

Ziro hakumjibu yeye. Alimgeukia Kenga kwa hasira ya siku nyingi. Yeye na mzee walianza na mkokoteni mmoja wa maembe, alisema, na Krismasi iliyopita, mbele ya watu, mzee akatangaza kwamba akistaafu lori atamwachia Adan. Adan, mtu wa ng'ombe. Lori likipotelea kwao Nanighi, anakolala kila safari, nani angeshuku? Mnunuzi wa pampu angekuja Ijumaa.

"Nimekuuliza yuko wapi," Mariam akasema. "Yu hai?"

"Jana alikuwa hai. Sikuweza kummaliza." Ziro akaketi chini. "Ghala la pamba la zamani, Ndera. Hana maji."

Walifika Ndera saa saba kasorobo, Kadra akiwa nyuma ya gari na Mzee Kenga kando yake. Lori lilikuwa ndani ya ghala, limefunikwa turubai. Adan alikuwa amefungwa kwenye nguzo, midomo imepasuka, joto la mabati linachoma. Kadra ndiye aliyemnywesha, kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, na hapo ndipo alipolia. Mariam alimpigia mkuu wake kwamba Dukicha na binamu yake waachiwe sasa hivi, si kesho, na watolewe kwa mlango wa mbele, mji uwaone.

Mzee Kenga alisimama mlangoni, kofia mkononi. Adan akamwona.

"Mzee, nisamehe," Adan akasema kwa sauti iliyokauka. "Uliniambia nisisimame njiani kwa mtu yeyote. Alinipungia mkono, ameniletea chai kwenye chupa, nikainywa, nikazinduka hapa nimefungwa. Nilisimama kwa sababu ni Ziro, nikajua ni wewe umemtuma."