Mdundo Sikioni mwa Mama Sindano

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu kola yake haikukosa sindano. Asubuhi moja alisikia cherehani ikigonga: du, du, du. Akaitia mafuta. Akabadilisha mkanda. Akaifungua yote, akaifunga tena. Bado iligonga.

Kisha akaondoa miguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza, lakini mdundo haukunyamaza. Ulikuwa ndani ya sikio lake la kulia.

Hofu ikamwingia. Kwa miaka mingi shangazi yake alikuwa akisema anasikia ngoma kichwani. Watu walimcheka, kisha wakamwita mwendawazimu. Sasa aliishi peke yake katika chumba cha uani, na chakula aliwekewa mlangoni.

"Zamu yangu imefika," Mama Sindano aliwaza. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Akipanda ngazi, mdundo ulikwenda mbio. Akilala, ulizidi. Akaanza kukosea vipimo. Sketi moja ilitoka na pindo juu upande huu, chini upande ule. Mwenye nguo akauliza kama imeshonewa mtu wa kusimama mlimani. Mama Sindano alicheka naye, kisha akaketi kulifumua pindo.

Mtu mwenye hofu hashikiki. Siku moja alichukua kopo la mafuta ya cherehani, akainamisha kichwa ili ajitie matone sikioni. Wifi yake, ambaye ni muuguzi, ndiyo kwanza alikuwa anaingia kuchukua sare yake. Akamdaka mkono.

"Wifi, sikio si cherehani. Una nini?"

Mama Sindano akaangua kilio, akasema yote. Wifi hakucheka. Alimshika kifundo cha mkono, akatafuta mapigo ya damu.

"Gonga meza kila unaposikia huo mdundo."

Akagonga. Wifi akasikiliza, vidole vikiwa pale pale.

"Unakwenda sawa na moyo wako. Unasikia damu ikipita kwenye mishipa karibu na sikio. Si wazimu, wifi. Ila usiupuuze. Twende hospitali."

Njiani alimweleza kwamba wengi husikia kelele masikioni, lakini hii inayofuata moyo ni nadra. Huweza kuletwa na shinikizo la damu, upungufu wa damu, au kasoro ya mshipa. Ndiyo maana lazima chanzo kitafutwe. Na sikio lisitiwe kitu chochote.

Daktari aliweka kifaa chake cha kusikilizia nyuma ya sikio, akatulia.

"Hata mimi nausikia," alisema.

Mama Sindano akalegea kwa faraja. Vipimo vilionyesha damu yake imepungua sana. Alipewa dawa, akaambiwa arudi kupimwa, na awahi hospitali mara moja kichwa kikimuuma sana au macho yakififia. Akitaka kulala afungulie redio kwa sauti ya chini, kwa kuwa kimya huukuza mdundo.

Damu iliporudi, mdundo ulififia mpaka akawa anausahau. Sketi nazo zikanyooka.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Siku moja alifunga kazi mapema, akaenda kwenye kile chumba cha uani. Hakuishia mlangoni. Aliketi kitandani kando ya shangazi, akamshika kifundo cha mkono.

"Shangazi, gonga hapa kila unaposikia ngoma yako."

Shangazi alimtazama kwa woga, akidhani anachekwa tena. Kisha akagonga, polepole. Chini ya vidole vya Mama Sindano, moyo ulikwenda naye pigo kwa pigo.

"Vaa viatu, shangazi," alisema. "Tunakwenda kupima."