Kinga Isiyobweka na Mama Mukwe Majini

"MUSAFIRIIII! Unaniangalia mie, mama mukwe yako? Nimekufa leo! Nimekufaaaa!"

Hiyo ndiyo sauti iliyotaka kuvunja arusi yangu, jamani.

Mama ya Estelle, muchumba wangu, alikuwa ndani ya muto Luama, maji mpaka mabegani, mugongo kwangu, sabuni mukononi. Na mie juu ya kinga, baiskeli yangu ya batri, kofia ya kaske kichwani, wageni wangu wamejipanga nyuma kama kwaya.

Nilifumba macho palepale.

Shida ni kwamba nilifumba macho, nikasahau breki...

Kinga ikateremuka na mie mpaka kwenye tope. PWAA!

"Gidi!" Darlène, mugeni wetu kutoka Goma, ananiita kwa sauti ya huruma. "Huyu mama ni nani?"

"Usiniulize!"

"Mbona anajua jina yako?"

"NIMESEMA USINIULIZE!"

Wewe unayecheka huko, ngoja kwanza. Labda kwenu mama mukwe ni mutu wa kupiga naye foto na kugongana naye bega kwenye arusi. Kwetu haiko hivyo. Kwetu mama mukwe unamupisha njia. Humuangalii machoni. Huli mbele yake. Ukiwa na neno kwake, unalipitishia kwa mutu mwingine, hata kama yeye mwenyewe amesimama hapo karibu na pua yako.

Sasa kumukuta anaoga?

Bora ukutane na chui. Chui utamukimbia. Mama mukwe utamukimbilia wapi?

Na mie sikumukuta kwa bahati mbaya. NILIPELEKWA. Na aliyenipeleka aliniita ndugu.

Nieleze kwanza kazi yangu, msije mukafikiri nilikuwa natembea tu kuchungulia wamama za watu.

Mie ni mutoto wa Kasongo, lakini kazi yangu ya gidi, kuongoza wageni, iko Kabambare. Natembeza wageni kwa kinga za batri, zile nyinyi munaita baiskeli, ndani ya pori la hifadhi la kijiji, kandokando ya muto. Ndiyo, Kabambare! Wengine wako na bahari, sisi tuko na Luama, na Luama haina chumvi wala kiburi. Kuna mawe meusi yanayopasua maji. Kuna nyani wenye kukuangalia kama wakwe wanaokataa mahari. Kuna kilima ambacho ukifika juu, unaona muto umejikunja chini kama mukanda mutu aliutupa kwa hasira.

Batri tunazijazia umeme kwa pano za jua nyuma ya nyumba ya Papa Marcellin. Hapo ndipo nilimuona mara ya kwanza Estelle, mutoto wake. Nilikuwa naingiza waya mahali si pake. Akasema, "Weye, utatuchoma sisi wote." Nikajua huyu ndiye bibi yangu.

Sasa sikieni. Uzuri wa kinga ya batri ni kwamba haina kelele. Unafika karibu na ndege, bado anaimba.

Na ubaya wake?

Haina kelele!

Moto, pikipiki ya mafuta, ikitoka kule Wamaza, hata kiziwi anajitayarisha. Wamama walio majini wanaisikia, wanapiga yowe, "Tuko hukuuu!" Dereva anageuka, heshima inabaki. Lakini kinga ya batri inakuja kimya kama mwizi wa kuku.

Ndiyo maana tunategemea tawi.

Desturi iko hivi: mwanamuke akishuka kuoga, anavunja tawi la majani mabichi, analilaza katikati ya njia pale juu, kwenye njia panda. Ukikuta tawi, unageuka. Hata uwe komanda.

Na mutu wa kuangalia tawi alikuwa Pitchou. Gidi mwenzangu, rafiki yangu. Yeye anatangulia, mie nakuja nyuma na wageni. Kazi yake yote pale juu ni macho tu. Macho!

Siku ile nilimukuta kwenye njia panda, ameegemea kinga yake, anatafuna muwa.

"Pitchou, tawi?"

"Hakuna tawi, ndugu."

"Umeangalia muzuri?"

"Kwani mie kipofu? Njia iko wazi! Shusha wageni, jua linapiga maji vizuri saa hii, watapata foto."

Nikashuka. Nyuma yangu nikamusikia anapiga mbinja, kama ndege. Wageni wakacheka, wakafikiri ni sehemu ya matembezi. Hata mie nilicheka.

Nilicheka, jamani...

Kisha kona. Kisha yowe. Kisha tope.

Habari ilifika kijijini kabla sijamaliza kujipangusa. Estelle akafungiwa ndani. Arusi ikasimamishwa. Shangazi yangu Albertine akaitwa kutoka Kasongo, akaja juu ya moto, vumbi mpaka kwenye nyusi, akashuka na neno moja tu:

"Musafiri, ulikosa mahali pengine pa kuangalia?"

Tukakaa kwenye uwanja wa Papa Marcellin. Yeye kwenye kiti chake cha ngozi. Mama Estelle, bibi yake, upande ule, kitambaa usoni. Mie upande huu, macho chini. Shangazi katikati, kwa sababu maneno yote ni lazima yapitie kwake.

Mumeshawahi kutukanwa na mutu ambaye hamuruhusiwi kumujibu?

"Mumuambie huyo mutu wenu," Mama Estelle akaanza, "mutoto yangu hataolewa na muchunguliaji!"

Shangazi akanigeukia. "Anasema wewe ni muchunguliaji."

"Nimesikia, shangazi."

"Mumuambie, kwao Kasongo labda wanalelewa na mbuzi!"

"Anasema mulilelewa na mbuzi." Hapo shangazi akameza mate, kwa sababu aliyenilea ni yeye.

Damu ilikuwa inanichemka mpaka kwenye masikio. Lakini nilisema, ngoja. Niko na shahidi. Pitchou yuko hapa. Pitchou atasema ukweli, wataona kama sikuwa na kosa.

Papa Marcellin akamuita. Pitchou akasimama, ameinamisha kichwa kama mutu aliyefiwa.

"Baba, inaniuma kusema. Tawi lilikuwako."

NINI?!

"Nilimuonyesha Musafiri. Nikamuambia, ndugu, ngoja kwanza, wamama wako majini. Akalipita juu na kinga yake."

Niliruka kutoka kwenye kiti.

"PITCHOU! Unasema nini?"

"Ndugu, sema tu ukweli. Mungu iko."

"Mungu iko, na weye uko muongo! Nitakuvunja hiyo meno ya muwa!"

"Munaona?" Mama Estelle akapiga makofi. "Munaona hasira yake? Ndiye atakaa na mutoto yangu huyu?"

Shangazi alinivuta shati, nikaanguka kwenye kiti. Kutoka dirishani nikasikia Estelle analia. Pale nilijua nimekwisha. Neno langu, mugeni wa Kasongo, juu ya neno la mutoto wa kijiji. Nani ataniamini?

Ndipo nikasikia: ko-ko-ko... ko-ko-ko...

"Watasema, toka huko," Papa Marcellin akasema, bila hata kugeuka.

Watasema ni mbwa wake. Mbwa wa uwindaji, namna ile isiyobweka. Papa Marcellin alikuwa muwindaji kabla pori halijafungwa, na mbwa wa namna ile unamufunga kengele ya muti shingoni, ili ujue iko wapi kwenye majani. Siku hizi uwindaji hakuna, mbwa amestaafu, lakini kengele hajavua.

Papa Marcellin alimujua mbwa wake kwa kengele. Na mugongo amemupa!

Mugongo...

Nikasimama tena, polepole.

"Shangazi. Muulizie mama kitu kimoja."

"Musafiri, tosha."

"Kimoja tu! Siku ile mugongo yake ilikuwa kwangu. Aliniita jina KABLA hajageuka. Alijuaje kama ni mie?"

Nikaona jicho la shangazi linawaka. Mumujue shangazi yangu: akishika mufupa, hauachi.

"Mama Estelle," akasema kwa upole ambao mie naogopa kuliko fimbo, "mutoto anauliza: ulijuaje kama ni yeye?"

"Nilimusikia!"

"Ulisikia nini?" Ni Papa Marcellin.

"Kinga yake."

Papa Marcellin akaweka kikombe chini.

"Mama Estelle. Zile kinga zinalala nyuma ya nyumba yangu. Kila asubuhi zinatoka, na mie niko macho, na sijui saa ngapi zimetoka."

"Mie masikio yangu iko muzuri!"

"Vizuri. Estelle! Toka, kamata kinga ya Musafiri, zunguka nyumba. Na weye, mama, geuka uangalie ukuta. Ukimusikia, inua mukono."

Estelle akatoka, macho mekundu. Akapanda. Akapotea nyuma ya nyumba.

Kimya... Hata kuku walisimama.

Mama Estelle ameangalia ukuta. Shingo imekaza. Tukangoja. Kisha akainua mukono juu, kwa ushindi!

"Anakuja sasa! Namusikia, anatokea kule kwenye mihogo!"

"Mama," sauti ikasema kwenye sikio lake. "Niko hapa zamani."

Mama Estelle aliruka kama aliyekanyaga siafu. Estelle alikuwa amesimama nyuma yake, tairi ya mbele inagusa kitenge chake.

Papa Marcellin akainuka kwenye kiti chake.

"Mama Estelle," Papa Marcellin akasema, taratibu. "Nani alikuambia kama ni Musafiri anakuja?"

Mama Estelle akaketi chini, kwenye vumbi. Kitambaa kikatoka usoni, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

"Ni Pitchou! Alisema, ukisikia nikipiga mbinja, ita jina yake, piga yowe."

Mbinja. Ile ya ndege. Ile niliyoicheka!

"Na tawi?" shangazi akauliza.

"Tawi gani? Yeye mwenyewe aliniambia nisiweke!"

Pitchou akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua.

"Kwa nini, mama?" Estelle anauliza. "Kwa nini?"

"Kasongo ni mbali! Huyu atakupeleka Kasongo, mie nitabaki na mutoto gani? Pitchou alisema atakuoa yeye, atajenga hapa, karibu na mihogo yangu..."

Sikieni, hasira yangu kwa yule mama ilipungua kidogo. Kidogo tu! Mama anayeogopa kubaki bila mutoto, namuelewa. Lakini mwanaume niliyekula naye sahani moja?

Estelle ndiye alimugeukia. Mie sikupata hata nafasi.

"Kumbe unanitaka, Pitchou? Miaka yote hii tunaonana. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta njia..."

"Njia ilikuwa wazi! Mudomo wako ndio ulifungwa. Ukaona bora uvue mama yangu nguo mbele ya wageni."

Pitchou akarukia kinga yangu! Akapiga pedali kuelekea kwenye kilima!

Lakini Estelle alikuwa na kitu chini ya mukono wake. Batri. Aliichomoa tangu aliposhuka.

Mumeshawahi kupandisha kinga ya batri isiyo na batri? Ni kama kupanda na jeneza. Alifika nusu ya kilima, akashuka, akaanza kusukuma. Watasema, muzee yule aliyestaafu, akamufuata polepole, ko-ko-ko, ko-ko-ko, na kijiji kizima kikajua muongo amefika wapi. Mwishowe akaitupa kinga kwenye majani, akakimbia.

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo.

Mie sikucheka. Mpaka leo, nikiona muwa, nageuza macho.

Papa Marcellin alikata maneno palepale. Mama Estelle akatoa kuku mweupe wa kufuta haya. Akamupa shangazi, shangazi akanipa mie, kwa sababu desturi ni desturi, hata ukiwa umeonewa. Kuhusu arusi, alimuuliza Estelle mwenyewe.

"Nitaolewa," Estelle akasema. "Na nitaishi Kasongo siku nitakayotaka mie. Msinivute, msinifiche. Mie si kinga."

Shangazi akasema, "Ameni."

Nilipokuwa naondoka na kinga yangu yenye tope, Papa Marcellin akaniita. Akamuinamia Watasema, akamufungua kengele shingoni. Akaja nayo, akaifunga chini ya usukani wangu, akaikaza kwa kamba ya wavu wa zamani wa uwindaji.

"Mbwa asiyebweka anafungwa kengele," akasema. "Hii kinga yako ni mbwa wa namna hiyo."

Sasa nikishuka kwenye kona ile, ko-ko-ko, wamama wanapiga yowe, "Tuko hukuuu!" na mie nageuza wageni. Na kila asubuhi nikipita mbele ya nyumba ya mama mukwe, naitikisa zaidi kidogo. Makusudi! Jana alimutuma jirani: "Mumuambie apunguze makelele." Nikamurudishia jirani: "Mumuambie si yeye ndiye alisema masikio yake iko muzuri?"

Kwa hiyo, weye unayesoma hapa: mutu akikuambia njia iko wazi, hata kama anakuita ndugu, shuka kwenye kinga yako, nenda uangalie tawi kwa macho yako mwenyewe.

Maana mbwa asiyebweka tunamufunga kengele. Kinga isiyobweka nayo nimeifunga.

Lakini rafiki asiyebweka... huyo utamufunga kengele wapi?