Namba za Safu ya Nne

Kila Jumamosi Yanting aliamka saa kumi na mbili na nusu, akanywa uji wa mchele ambao baba yake aliupika mzito mno, kisha akatoka nyumbani kwao, mtaa wa Toa Payoh, Singapore, kupanda treni ya kwenda chuoni. Zamani uji huo ulipikwa na bibi. Bibi alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita, na Yanting, mwenye miaka kumi na mitatu, hakuwa amelia hata mara moja. Akiitwa aliitika. Akipakuliwa chakula alikula. Watu walimsifu kuwa jasiri, naye akawaacha wasifu.

Chuoni kulikuwa na shangazi yake, Dakta Meiqi, mtafiti wa mwanga. Alikuwa amewapa Yanting na Devaraj, wanafunzi wa darasa moja, kazi ya maonyesho ya sayansi. Juu ya kioo kidogo kama ukucha kulikuwa na safu nne za vitone kumi kumi vya fuwele visivyoonekana kwa macho. Kila kitone kilikaa kwenye mwanya kati ya bamba la dhahabu na chembe ya dhahabu. Kikimulikwa na leza, kilitoa mwanga wake, na ule mwanya uliuvuta mwanga utoke upesi na kwa wingi. Safu ya kwanza ilikuwa na mwanya mpana, na ya nne mwembamba kuliko zote. Kazi yao ilikuwa kupima mwangaza wa kila kitone.

Jumamosi iliyopita Devaraj hakuja. Yanting alipima safu tatu peke yake, na namba zikapanda: kumi, thelathini, sitini. Alipofika safu ya nne, mkono ulisimama. Hakuwa amechoka wala hakuwa na hasira. Aliona tu kwamba apime asipime, hakuna tofauti yoyote. Akaandika tisini, tisini na mbili, themanini na tisa, mpaka mistari kumi ikajaa. Akafunga daftari, akamwachia shangazi yake.

Leo Suhaila, mwanafunzi wa Dakta Meiqi kutoka Melaka, mji wa nchi jirani, aliwapokea wote wawili mlangoni akitabasamu.

"Wataalamu wangu! Safu yenu ya nne imetupa njia. Jumatatu naanza kutengeneza vioo ishirini kwa kipimo hichohicho."

"Kazi ya muda gani, dada?" Devaraj aliuliza.

"Wiki tatu. Nimeshamwambia mama siji likizo hii. Amenuna, lakini atazoea."

Yanting aliitikia kwa kichwa. Walipomaliza kuchora bango lao, aliaga na kutembea na Devaraj hadi kituo cha treni.

"Wewe, umelala macho wazi?" Devaraj alimtania. "Tutashinda, halafu una uso kama mlango wa friji."

"Safu ya nne sikuipima," Yanting alisema. "Niliziandika tu."

Devaraj alisimama. "Ulizibuni?"

"Ndiyo."

"Na jina langu liko kwenye bango! Na dada Suhaila je? Mama yake?"

Neno hilo, mama yake, lilimchoma. Masikio yalipata moto. Tangu mazishi hakuwa amehisi kitu kikali namna ile. Treni ilifungua milango, ikaifunga, ikaondoka bila wao.

Walirudi. Yanting aliyasema maneno yaleyale mbele ya shangazi yake na Suhaila, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Suhaila alikaa chini taratibu. Dakta Meiqi hakupaza sauti.

"Washa leza," alisema. "Tupime."

Kitone cha kwanza kilikuwa hafifu. Cha pili vilevile. Mpaka cha kumi, hakuna kilichozidi tano.

"Vimekufa?" Devaraj aliuliza.

"Vipo karibu mno na dhahabu," alijibu Dakta Meiqi. "Hapo dhahabu hula mwanga na kuugeuza joto. Basi kipimo chetu ni cha safu ya tatu. Suhaila, vioo vyenye mwanya kama wa safu ya tatu tunavyo tayari kabatini. Nenda Melaka."

Suhaila alimgeukia Yanting. "Umenikera kweli," alisema. "Lakini umerudi." Akatoka nje kumpigia mama yake simu.

Yanting alipiga mstari kwa rula juu ya zile namba kumi, akaandika namba za kweli kando yake.

"Shangazi, siku ile nilikuwa sihisi chochote," alisema.

"Najua. Bibi yako alikuwa mama yangu; mimi pia nimempoteza." Dakta Meiqi alivuta kiti, akakaa kando yake. "Kuhuzunika si kosa, mwanangu. Ungeniachia mistari mitupu, ningejua hujaweza, ningekuja kukusaidia. Ulipoijaza uongo, nilidhani kazi imekwisha na wewe u mzima. Siku ukishindwa, sema umeshindwa. Hapo ndipo mtu anapoweza kukufikia."